Nimekuja Marekani kutoboa, natoboa kweli

Jamani hivi kuna biashara gani nyingine duniani ambayo mteja anakuja na mali yake kaibeba mwenyewe, kainunua kwa mtu mwingine, halafu anataka wewe uifanyie kazi saa nzima na ukitaja bei anashtuka kana kwamba umemkopa? Ndio yangu hiyo. Nina kaduka ka vifaa vya bolingi hapa Grand Rapids, Michigan, ndani ya jumba la bolingi lenyewe, kafremu kadogo kati ya baa na choo. Kwa ambao hamjui bolingi ni ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye sakafu ya kuteleza uangushe pini 10 zilizopangwa kule mwisho, futi 60 kutoka kwenye mstari ambao ukiukanyaga umekula hasara. Watu wakipita wanadhani nauza mipira. Siuzi mipira mimi, mipira inauzwa na intaneti. Mimi nauza matundu.

Ndio, matundu. Mpira wa bolingi wa maana ukitoka kiwandani hauna tundu hata moja, ni tufe zima linang'aa, pauni 15, mwingine 16 ambayo ndio mwisho kwa sheria, yaani kilo 7 na ushee, hata kuuinua kwa mkono mmoja ni mtihani. Kazi yangu ni kuutoboa sehemu za vidole. Nachukua kitu cha mtu cha dola 200 na kitu, nakifunga kwenye mashine, nakipunguza, nabaki na chenga sakafuni, namrudishia mwenyewe kikiwa pungufu kuliko alivyokileta, ndio analipa. Kuna kijana mmoja Mkongo wa Uvira, maana hapa mjini Wakongo tupo nao wengi, huwa anakuja kukaa kaa hapa akisubiri zamu yake ya kiwandani, siku ya kwanza aliangalia weee mpaka mteja alipoondoka akasema, "Yaya, mutu analeta mupira yake, unaitoboa, njo anakulipa? Na wenye akili wanaona?" Nikamwambia punguza sauti.

Mama yangu Tanga ndio kabisaa hajanielewa mpaka leo. Nampigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kazi inaendaje, nikasema inaenda mama, leo nimetoboa mipira mitatu. Kimya. Nikajua bando limekata. Kumbe anafikiria.

"Sasa mwanangu, ukiutoboa si unaisha upepo?"

"Hauna upepo mama, ni mgumu mpaka ndani."

"Mgumu kama nini?"

"Kama jiwe."

"Na wanaupiga teke?"

"Hawapigi teke mama, wanauviringisha."

"Watu wazima, wanaviringisha jiwe, na kabla ya kuviringisha wanakupa wewe ulitoboe." Nikasema ndio. "Haya baba, Mungu akusimamie." Kwa sauti ile ile aliyomwambia baba mdogo mwaka ule alipoingia kwenye ufugaji wa kware.

Sasa turudi kwenye hawa wa intaneti. Jamaa anaingia na boksi hata hajalifungua, analibwaga mezani puu, meza yenyewe mguu mmoja nimeuwekea kigingi, anasema nimeupata kwa bei poa sana mtandaoni, wewe huu huu unauza ngapi? Unaniuliza bei ya kitu ulichoshanunua ili iweje? Namtajia. Anacheka, anasema kaokoa dola 30. Sawa bwana, basi mwambie mtandao akutoboe. Hilo nasema moyoni, mdomoni nasema karibu sana, lete mkono. Ndio hivyo, wale wananunua kwa kontena, mimi naagiza mmoja mmoja kwa kujipapasa mfukoni, tutashindana vipi? Pale kwenye rafu yangu mkiona maboksi yamejaa msidanganyike, nusu ni matupu, nimeyageuza tu upande wa picha duka lionekane lina mzigo. Siku mteja akinyooshea kidole lile la juu kabisa nasema aah hilo limeshawekewa oda.

Halafu wakisikia bei ya kutoboa wanaanza hesabu za kugawanya. "Dola 70 kwa matundu matatu? Si ni dola ishirini na kitu kwa tundu?" Kana kwamba nayakata kwa kilo. Ndugu yangu, tundu la bolingi si tundu la msumari wa kutundikia kalenda. Nakupima umbali wa kutoka kidole gumba mpaka vile viwili vya kati, kila kimoja peke yake maana havilingani. Nakupima tundu liiname vipi, kuna mtu gumba lake linataka tundu lilale mbele kidogo, mwingine nyuma, ukikosea hapo anarusha wiki mbili anakwenda hospitali na mkono. Naangalia mpira wako unazunguka kwenye mhimili gani, kwa sababu ndani ya mpira kuna kitu kizito kimewekwa makusudi, umbo lake la ajabu ajabu, na matundu ukiyapeleka huku mpira unakata kona kali, ukiyapeleka kule unakwenda taratibu. Ndio naanza kutoboa. Nikimaliza kutoboa bado, nachukua msasa nazungushia mdomo wa tundu kwa mkono, taratibu, ule ukali wote uondoke, na hapo ndio penye kazi hasa, pale kwenye ukingo wa gumba upande wa ndani, ukiacha kamstari kadogo tu mteja atachubuka ngozi na jina lako litatembea ligi nzima kabla ya Ijumaa. Unapitisha kidole, unasikilizia, unapiga msasa tena, unapitisha kidole. Vumbi lake linanukia kemikali tamu tamu hivi, linaingia puani, kwenye nywele, juzi nimefungua hotpoti ya wali nikakuta wali una rangi ya zambarau. Nikala. Ningefanyaje.

Na kidole gumba cha binadamu hakijui bajeti. Saizi za biti, vile vyuma vya kutobolea, zinapanda kwa moja ya sitini na nne ya inchi, haya hebu fikiria unatakiwa uwe na seti nzima, halafu kila moja ikiwa butu inaunguza mpira badala ya kukata, kunoa ni hela, mpya ni hela. Mashine yenyewe nimerithishwa kwa kuuziwa, mzee aliyekuwa na duka hili kabla yangu alistaafu akaniuzia kwa mafungu, ikiwashwa taa za baa zinafifia kidogo na walevi wanapiga kelele wakidhani wanafukuzwa. Basi mtu anakuja saa kumi na moja jioni katoka kazini, gumba limenywea kwa baridi, napima, natoboa, linaingia vizuri kabisa, anashukuru. Saa tatu usiku anarudi kafura. "Limebana!" Gumba limevimba, kacheza gemu tatu, kala soseji zenye chumvi, kanywa bia mtungi mzima, lisivimbe kwa nini? Ndio maana tunatoboa pana kidogo halafu tunabandika vipande vya tepu ndani, likivimba unabandua, likinywea unabandika. Na tepu hiyo wateja wote wanaamini ni sadaka. Wanachuna kwangu kaunta wakipita, hata wasioniletea mpira, wanachuna mistari miwili mitatu wanaweka mfukoni wakisema "asante bosi". Bosi wa nini, wa tepu?

Juu ya hayo sheria nayo ikashuka. Zamani mtu alikuwa anaweza kutoboa tundu la ziada, la mizani, halina kidole wala nini, kazi yake ni kubadilisha tu mpira unavyozunguka. Tamu sana ile, hela ya bure, dakika kumi umemaliza. Tarehe 1 Agosti 2020 chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kikasema basi, kila tundu lazima liwe la kushikia, lisiloingia kidole halifai kwenye mashindano. Watu wakaleta mipira niyazibe matundu hayo, nakubali, hiyo ilinipa ugali kidogo, maana kuziba ni kumimina utomvu wa kemikali, kusubiri ugande, kusaga mpaka ulingane na mpira, na kupiga msasa upya mpira mzima. Lakini ukishaziba umeziba, harudi tena. Mfanyabiashara wa matundu kalipwa kuziba matundu, si ndio kujifungia duka mwenyewe hiyo.

Kabla sijatulia vijana nao wakahamia mtindo wa mikono miwili, ule aliouvumisha Muaustralia Jason Belmonte. Sina neno na yeye, ni bingwa, ukimwangalia anarusha unasahau una deni la kodi. Ila wengi wa mtindo ule gumba hawaingizi. Na kwa sheria hiyo hiyo gumba kama haliingii tundu lake lisiwepo. Matundu matatu yakawa mawili. Sasa niambie wewe, zao lako ni tundu, la nne limepigwa marufuku, la tatu halina mwenyewe, na kijana anakuja anasema mimi ni mawili tu kwa hiyo unanipunguzia bei eh?

Tuje kwenye magonjwa ya mipira. Ile sakafu ya bolingi inapakwa mafuta, karibu futi 40 za mwanzo, macho yako hayaoni ila mpira unajua. Mipira ya siku hizi, ya rezini, ilianza kutamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, inashika sakafu vizuri kwa sababu ina vinyweleo, yaani vitundu vidogo vidogo visivyoonekana, na vinyweleo hivyo hivyo vinanyonya mafuta mpaka mpira unalewa haukati tena kona. Dawa ni kuupasha joto dogo dogo yatoke. Maduka yenye hela yana mashine maalumu. Mimi nina mashine ya kukaushia matunda, nimenunua mtumba kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, nikakata trei, mpira unaingia vizuri unazunguka unatoa jasho la mafuta, nafuta na kitambaa, namwita mwenyewe aone kilichokuwa ndani analipa bila ubishi. Shida bado ina harufu ya ndizi. Nao wakiona hivyo wanataka kujifanyia nyumbani, mmoja kaniuliza kwa utulivu kabisa kama anaweza kuuweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Nikamuuliza mkeo anajua?

Halafu wapo wa buti ya gari. Mzee mmoja wa ligi ya Alhamisi, Januari nzima ya Michigan kauacha mpira kwenye gari, nje barafu, anauingiza ndani kwenye hita, anautoa nje, anauingiza, umepasuka kuanzia kwenye tundu mpaka huku. Kaja nao kaukumbatia.

"Hili tundu lako limepasuka."

Tundu! Lipasuke vipi tundu mzee wangu, tundu ni hewa, kilichopasuka ni mpira wako. Anataka dhamana. Dhamana ya hewa.

Na msinisahaulishe Obama. Machi 2008 akiwa kwenye kampeni aliingia jumba la bolingi Altoona, Pennsylvania, na tai yake shingoni, akapata pointi 37, na hawa watu hawajasamehe mpaka kesho. Mchezo ambao ukiangusha zote mfululizo unapata 300. Sasa kila mgeni akisikia lafudhi yangu, unatoka wapi, Afrika Mashariki, ooh kwa kina Obama, basi kicheko, "natumaini wewe unatoboa vizuri kuliko anavyorusha". Mimi mtu wa Tanga jamani, babake Obama ni wa Kogelo huko Siaya, nchi nyingine kabisa, kutoka kwetu ni safari ya kulala njiani, lakini ile 37 nimeshaibeba mgongoni utadhani nilikuwepo nimemshikia koti.

Ngoja ifike Mei sasa. Ligi zinaanza Septemba zinaisha Aprili, watu wakishapewa vikombe vyao wanahamia kwenye gofu na kuvua samaki, jumba linabaki na watoto wa sherehe za kuzaliwa wanaotumia mipira ya jumba, ile ya rangi rangi yenye matundu yaliyotobolewa kumwenea kila mtu kwa hiyo hayamwenei mtu. Hawana haja na mimi. Kodi ya fremu lakini haijui kiangazi. Vyuma vinakaza mpaka naanza kuuza vitambaa vya kufutia mpira, soksi, na viatu jozi mbili ambazo zimekaa pale toka enzi za yule mzee, vya mkono wa kushoto. Ndio, viatu vya bolingi vina mkono. Anayerusha kwa kulia anatelezea mguu wa kushoto, soli ya kushoto inateleza ya kulia inashika, mashoto ni kinyume chake. Mkimjua mashoto yeyote mwenye miguu mikubwa nitumieni, bei tutaelewana.

Na mwenye jumba juzi kaja na tabasamu, nikajua tu. Kodi inapanda, kwa sababu eti fremu yangu iko sehemu inayopitika sana. Inapitika kweli, sikatai, maana ndio njia ya chooni. Kila anayefungua mlango wangu nasimama, najifuta vumbi, natabasamu, karibu sana, na yeye anashika tumbo anauliza choo kiko wapi. Kutwa nzima. Nimebandika karatasi yenye mshale hawaisomi, wanataka kuelekezwa kwa mdomo. Sasa nimeamua, kuanzia Jumatatu anayeuliza choo anunue kwanza tepu.