Katika kila elfu, shilingi tano na nusu

Mpwa wangu ana barua mbili za udahili. Ya kwanza imetoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya: uzamivu wa miaka minne, ada imelipwa, posho ya kujikimu ipo, bima ipo, nauli ipo. Ya pili imetoka chuo cha hapa nchini: ufadhili wa kusomea ndani ya kanda, posho ya kawaida, fungu dogo la kazi za uwandani, na nafasi ya kwenda maabara ya nje kwa miezi michache. Mada ni ile ile katika barua zote mbili, yaani kaboni iliyolala kwenye matope ya mikoko ya delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania. Mama yake ameshaanza kuulizia bei ya koti la baridi.

"Mjomba, kila mtu ananiambia hii ya ndani ni ya waliokosa ya nje," aliniambia kwenye simu. Nilimwomba asijibu barua yoyote mpaka tuonane. Neno hilo la "waliokosa" nimelisikia mara nyingi mno, kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa mazingira msimu wa maombi unapofika, maofisini, hata vinywani mwa wahadhiri wenyewe. Nadhani halijawahi kupimwa vizuri, na ndiyo maana naandika.

Wanaomhimiza apande ndege hawasemi ovyo. Kupima kaboni ya udongo kunahitaji mashine ghali, fundi wa kuitunza, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Kunahitaji maktaba inayolipia majarida, na wenzake kwenye korido moja wanaohangaika na maswali yanayofanana na lake. Kuna na suala la muda, ambalo nalijua kwa machungu yangu. Tasnifu yangu ya uzamili, niliyoifanyia hapa hapa nyumbani, ilikaa kwa mtahini wa nje miezi kumi na moja. Kila nilipokwenda kuulizia niliambiwa nirudi wiki ijayo, na kazi niliyokuwa nimeahidiwa akapewa mtu mwingine. Aliyepitia hayo hawezi kumwambia kijana abaki nyumbani kwa sababu ya uzalendo tu.

Historia nayo wanaitaja. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 na zile safari za wanafunzi kwenda Marekani, akasoma biolojia Kansas, akachukua uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Bila ufadhili ule, wanasema, tusingempata. Nakubali kabisa. Ila wanaomtaja huwa wanaacha kipande cha mwisho: uzamivu wake aliufanyia kazi kwa muda Ujerumani, kisha shahada yenyewe akaipokea Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika ngazi hiyo. Mwanafunzi wa nyumbani, aliyekwenda kutumia maabara ya nje, akarudi kuhitimu nyumbani. Barua ya pili ya mpwa wangu inasema jambo hilo hilo.

Sasa niseme namba inayoninyima usingizi. Mwaka 2022 mtafiti Indra Øverland na wenzake walichapisha hesabu ya fedha za utafiti wa mabadiliko ya tabianchi duniani tangu 1990, miaka thelathini hivi, na ripoti ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ya mwaka huo huo ikaichukua kwenye sura yake ya Afrika. Walikuta kwamba utafiti unaohusu Afrika ulipata asilimia 3.8 ya fedha zote. Wengi huishia hapo, wakasikitika, wakaendelea na mengine. Mstari unaofuata ndio mzito zaidi. Katika hiyo 3.8, asilimia 78 ilipokelewa na taasisi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Taasisi za Afrika zilipata asilimia 14.5.

Ukiiweka kwenye shilingi inaeleweka haraka. Chukua shilingi elfu moja zilizotumika duniani kote kuchunguza tabianchi. Thelathini na nane ziliandikwa jina la Afrika: ukame wetu, mafuriko yetu, maziwa yetu, mikoko yetu. Kati ya hizo thelathini na nane, karibu thelathini ziliingia kwenye akaunti za vyuo na vituo vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Taasisi za bara zima, kutoka Cairo hadi Cape Town, ziligawana shilingi tano na nusu. Na hata huo mgawo haukuwa sawa: ukiacha Misri na Nigeria, utafiti ulielekezwa zaidi kwenye nchi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza. Kwa hiyo ukisoma haya ukiwa Bukavu au Bujumbura, jua kwamba hata hicho kidogo tunachokililia sisi kilikufikia kwa uchache zaidi.

Mtu makini atanijibu kwamba fedha iliyopokelewa Ulaya haiishii Ulaya. Ni kweli, na hoja hii nimeizungusha kichwani muda mrefu. Sehemu ya zile shilingi thelathini ndiyo ambayo ingemlipa mpwa wangu posho, ikakodi boti ya kutoka Nyamisati, ikamlipa kijana wa kijijini anayeshika utepe. Kwenye hesabu ya Øverland fedha hiyo inaonekana ya Ulaya, huku tumbo lililoshiba ni la Mtanzania.

Lakini hebu tazama kinachobaki baada ya miaka minne. Posho imeshaliwa. Mashine imebaki maabara ya kule. Sehemu ya fungu inayokatwa kwa ajili ya kuendesha chuo imelipa umeme na karani wa kule. Uzoefu wa kusimamia mwanafunzi wa uzamivu hadi ahitimu amebaki nao profesa wa kule, na mhadhiri wetu aliyemwonyesha mwanafunzi mikondo ya delta, akamwombea kibali kwa mwenyekiti wa kijiji, ametajwa jina la nne kwenye makala. Mwaka unaofuata tangazo jipya la fedha linatoka, linauliza chuo chako kimehitimisha watafiti wangapi katika fani hii na kimewahi kusimamia fungu la ukubwa gani. Kule wana jibu, hapa hatuna. Fungu linakwenda kwa mwenye jibu, naye anatoa ufadhili mwingine kamili, linki yake inasambazwa kwenye makundi yetu, na kijana mwingine wa kwetu anapongezwa. Hakuna aliyefanya ubaya katika mzunguko huo. Profesa ni mwema, mfadhili ni mwema, kijana ana haki ya kufurahi. Ndivyo tano na nusu inavyoweza kubaki tano na nusu kwa miaka mingine thelathini.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Kilimanjaro. Mwaka 2000, timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilitoboa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, sehemu sita na kushusha nguzo nyembamba za barafu, zikasafirishwa hadi Marekani. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu ya takriban miaka 11,700 ya mvua na ukame wa eneo letu. Bila vyumba vile vya baridi vya Ohio tusingekuwa na kumbukumbu hiyo, kwa sababu barafu yenyewe inazidi kupungua mlimani. Nawashukuru kwa dhati, na upande wa pili una haki ya kuutumia mfano huu dhidi yangu. Lakini kijana wa Marangu, anayeuona mlima kila asubuhi akienda kuteka maji, akitaka kuuliza barafu hiyo swali lake mwenyewe, lazima kwanza aombe viza.

Linganisha na Gazi, kule Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, alipata uzamivu wake Brussels mwaka 2001. Shahada ni ya Ubelgiji, lakini matope yalikuwa ya Kenya, na mikoko iliyopandwa Gazi katika miaka ya 1990 haikuweza kuingia kwenye sanduku la kusafirishia. Vishamba vya majaribio vilibaki pale pale, kituo kikaendelea, wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakaja mmoja baada ya mwingine, wa hapa na wa nje, kila mmoja akipima juu ya alichopima aliyemtangulia. Kutokana na vipimo hivyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, fedha ikaenda kwenye maji na vitabu vya shule za wanakijiji. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kairo alikwenda nje, naam. Kilichouzaa mradi ni kwamba kazi ilikuwa na kwao kwa kurudi: kituo, mashamba, daftari za vipimo.

Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Mwaka jana nilifuatana na mpwa wangu huko siku mbili. Vitabu vinaelekeza kwamba mti upimwe unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Kwa mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, hilo ni rahisi, unazungusha utepe, unaandika, unasonga mbele. Lakini aina inayoitwa mkoko wenyewe ina miguu mingi kama kaa, na mizizi ya juu inapita kifua cha mtu, kwa hiyo inabidi upande, utafute mzizi wa juu kabisa, upime sentimita 30 juu yake, huku miguu yako inateleza na maji yanajaa. Kwenye mchu mmoja, mzee aliyekuwa akituongoza alimwambia, "Mwanangu, huu usiuhesabu, umekatwa na kuchipua mara mbili. Anayejua kuukata hivi ni mtu wa mpunga." Kumbe pale palikuwa shamba la mpunga miaka ya nyuma, likaachwa, mikoko ikarudi. Mpwa wangu alifuta alichoandika, akaanza safu mpya kwenye karatasi yake: historia ya kipande cha ardhi. Msimamizi wake wa hapa alipoiona ile safu alielewa papo hapo, maana utafiti wake wa zamani ulihusu mpunga wa delta. Msimamizi hodari wa mbali naye angeelewa, baada ya barua pepe kadhaa. Lakini ni nani angemuuliza yule mzee?

Afrika Magharibi wamelifanyia kazi jambo hili mapema. Tangu 2012 wana WASCAL, kituo cha utafiti na mafunzo ya tabianchi kilichoanzishwa na nchi za kanda yao pamoja na Ujerumani, makao makuu Accra. Mwanafunzi wa Niger au Togo anasomea tabianchi kwenye chuo cha nchi jirani, Kumasi, Akure, Abomey-Calavi, anakwenda Ujerumani kwa muda, anarudi kuhitimu pale pale. Kusini wana kituo cha namna hiyo, SASSCAL, Windhoek. Kanda yetu haimo katika hizo mbili. Tunao mfuko wa ufadhili wa RSIF unaoendeshwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, unaomwandikisha mwanafunzi wa uzamivu kwenye chuo cha Afrika na kumpa muda wa kukaa maabara ya nje, na Kenya na Rwanda ni miongoni mwa serikali zilizouchangia. Huo ndio muundo ninaoutetea, na wanaouendesha wenyewe huuita sandwichi, maana muda wa nje unabanwa katikati ya miaka ya nyumbani.

Serikali zetu nazo lazima ziguswe. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya iliandika kwenye sheria ya 2013 asilimia 2 kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Maadamu mambo yako hivi, ufadhili wa ndani utaendelea kuwa na posho ndogo na mtahini anayechelewa, na wanaouita wa waliokosa watakuwa na mahali pa kunyooshea kidole. Simlaumu kijana hata mmoja anayekwenda nje kwa sababu hiyo. Lawama yangu ni kwa sisi watu wazima tunaomshauri bila kumfungulia hesabu yote.

Ningekuwa mimi, ningechukua ya nyumbani. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, nikamwambia pia kwamba mimi sina miaka ishirini na saba wala sisubiri posho ili nimsaidie mama. Basi tukakubaliana asikatae barua ya Ulaya kwanza. Aliketi jioni ile akamwandikia profesa wa kule maswali matatu. Je, naweza kuandikishwa kwa pamoja, kwenu na kwenye chuo cha hapa? Je, nusu ya kila sampuli ya udongo itabaki nchini, pamoja na data zake? Je, msimamizi wangu wa hapa atapewa sehemu ya fungu aisimamie mwenyewe, au atatajwa jina tu?

Jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima na la kina. Kuandikishwa pamoja kunawezekana, na ameshaanza kuulizia taratibu. Sampuli, nusu kwa nusu, hana pingamizi, mradi kuwe na friza ya kuaminika. Kuhusu fungu, amesema itabidi awaulize wafadhili, maana katika miaka yake yote ya kazi hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza.

Muda wa kukubali barua zote mbili unaisha tarehe 30. Mpwa wangu amekwenda chuoni kuulizia friza.