Vigo ya Mzee na Kong' ya Kitonga

Mzee mmoja, mkulima wa nyanya kutoka Ilula, aliingiza Hilux Vigo yake gereji kwetu Iringa mjini, akashuka na kuanza kuigiza mlio. Akakunja magoti, akajikaza kama anafunga breki: "Ko-kong'! Ko-kong'!" Mama wa chapati jirani akaacha kusukuma.

Mkewe akatoa kichwa dirishani. "Si hivyo, baba. Inapiga kong' moja ukishika breki, halafu kimya. Ukiondoka, kong' nyingine."

"Fundi, msikilize mwenye gari," mzee akasema.

Ningemsikiliza mwenye masikio, tungemaliza mapema. Fundi wa kwanza alishawabadilishia linki za stablaiza, vile vyuma vifupi vya kupunguza gari kuyumba, wa pili shokapu mbili za mbele, wa tatu akasema ni beringi. Beringi haipigi kong'. Beringi iliyochoka inavuma, vuuu, na mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukikata usukani kushoto mzigo unahamia gurudumu la kulia, na kama beringi mbovu iko huko mvumo unazidi. Linki zinagongagonga kwenye matuta madogo, ko-ko-ko, hasa tairi moja ikipanda na nyingine ikishuka. Eksele jointi inalia ta-ta-ta ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta. Kong' moja kwenye breki kwa kawaida ni bushi, zile raba za mkono wa chini unaoshika gurudumu, au kalipa, ile inayobana pedi za breki, iliyolegea.

Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki nikaipeleka chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, ile jointi ya tufe inayoshikanisha mkono na gurudumu, na stendi chini ya chesisi kwa usalama. Ukiinua kwa chesisi, springi inausukuma mkono chini na kuibana boljointi, nayo inajifanya nzima. Ukiinua kwa mkono, springi inabaki imebanwa na boljointi inakuwa huru kucheza.

Nikashika tairi kushoto na kulia, nikatikisa: imetulia, kwa hiyo tairodi na reki ya steringi hazina neno. Nikashika juu na chini: tak, tak. Inacheza. Hapo ni beringi au boljointi, na njia ya kuzitenganisha haina gharama: mtu akanyage breki wakati unatikisa. Breki inafunga habu, inayozunguka na tairi, na nako, chuma inachokalia, kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi.

Mzee akakataa dogo wangu asikae kwenye usukani wake. Atakanyaga mwenyewe.

"Kanyaga, mzee!"

"Nimekanyaga!"

Natikisa, tak, tak. Nikataka kutoa hukumu, lakini kwanza nikajaribu kuzungusha tairi. Likazunguka kama la baiskeli.

"Mzee, umekanyaga nini?"

"Si hiki cha kushoto? Ndicho ninachokanyaga nikitaka kusimama."

Mkewe akashika mdomo. Mzee alikuwa amebana klachi mpaka mshipa wa shingo umemtoka. Ndiyo maana kabla ya kuamini kipimo hiki unahakikisha kwanza tairi limefungwa kweli.

Breki ya kweli ikakanyagwa. Tak, tak, vilevile. Dogo akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kunyanyua kidogo kidogo, mimi macho kwenye boljointi ya chini: raba imepasuka, grisi imekauka na kuwa tope jekundu la Ilula, na chuma kinapanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Jointi ya namna hiyo ikichomoka, gurudumu linalala ubavu. Na mzee huyu alikuwa anashuka mlima Kitonga na matenga ya nyanya.

Tukafunga mpya. Nati ya taji, ile yenye meno ya kupitisha pini, ukishaikaza na tundu la pini lisipolingana, unaikaza mbele kidogo mpaka lilingane. Hulegezi kurudi nyuma. Bushi nikazipima kwa mtaimbo, nzima. Kalipa na pedi, zimekaa. Tukatoka barabarani. Steringi imenyooka, tairi halichezi. Nikashika breki.

Kong'.

Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu.

"Tukipanda Kitonga haipigi," mama akasema kutoka kiti cha nyuma. "Isipokuwa ukisimama na kuondoka tena."

Hapo nikaelewa. Kitu kilicholegea kwenye ungio kinapiga hata mlimani, barabara ikiwa mbovu. Kinachonyamaza wakati wa kupanda kimeteleza nyuma na kulala huko. Hiki kilikuwa abiria.

Tukarudi, dogo akalala chini na kufungua sampugadi, lile bamba la kukinga injini. Alipotoa boliti ya mwisho, bamba likainama na spana namba 19 ikamshukia kifuani. Akapiga kelele, kisha akaigeuza. Mistari mitatu ya msumeno kwenye mpini.

Mistari hiyo naikata mimi kwenye spana zangu zote, kwa sababu ya majirani. Hii niliiazimisha kwa fundi wa linki za stablaiza, naye akaapa kwa jina la mama yake kwamba alisharudisha.

Mzee akaichukua, akaipima uzito mkononi, akaitia mfukoni.

"Fundi, tenga la nyanya Ilula hadi Morogoro linalipiwa nauli."

"Ndiyo, mzee."

"Na hili dude lako nimelipeleka Morogoro na kulirudisha, msimu mzima."

"Mzee wangu, lile halikukaa kwenye kiti."

"Lilikaa mbele. Mbele bei ni nyingine."

Nauli hiyo tukaikata kwenye ufundi wa boljointi, ndipo spana ikatoka mfukoni.