Snepu 10,363 za Joe Thomas: uaminifu au ukaidi?

Oktoba 22, 2017, Cleveland Browns walikuwa nyumbani wakicheza na Tennessee Titans. Baada ya mapumziko, Joe Thomas, jezi namba 73, alibaki chini akiushika mkono wake wa kushoto. Msuli wa nyuma ya mkono ulikuwa umechanika. Akatolewa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipwa kucheza futiboli ya Kimarekani mwaka 2007, Browns wakaanza shambulizi yeye akiwa nje ya mstari. Hesabu ilisimama hapo: snepu 10,363 mfululizo. Kila mpira unapoanzishwa ni snepu moja, na katika miaka kumi na zaidi hakukuwa na hata moja ya timu yake iliyopita bila yeye, si kwa homa, si kwa goti, si kwa sababu mechi ilikuwa imeshaharibika.

Siku ile Browns walifungwa 12-9 katika muda wa nyongeza. Msimu ule walifungwa mechi zote 16. Machi 2018 Thomas akastaafu, na Agosti 2023 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo pale Canton, Ohio, katika mwaka wa kwanza kabisa aliostahili kupigiwa kura.

Popote anapotajwa, namba ile hutajwa kwanza. Mimi naona inapewa sifa nyingi kuliko haki yake, huku kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya ikipewa kidogo. Lakini wanaoitetea wana hoja, na si hoja za kupuuza.

Kwa msomaji anayeuona mchezo huu usiku wa Super Bowl tu, yaani fainali ya ligi: timu inayoshambulia ina watu 11 uwanjani. Watano kati yao husimama mbele kabisa, bega kwa bega. Kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, hawabebi mpira, na majina yao hutangazwa zaidi wanapofanya faulo. Kazi yao ni kumfungulia njia mkimbiaji na kumzuia mvamizi asimfikie kwotabeki, yule anayerusha mpira. (Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, alikuwa upande wa pili, wa ulinzi.) Thomas alicheza mwisho wa kushoto wa mstari. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia akijiandaa kurusha huwa ameupa mgongo upande huo, hivyo kinachotokea huko hakioni mpaka kimpate.

Tumtazame kwa karibu kwenye snepu moja ya pasi. Mpira unaanzishwa. Mguu wa kushoto unarudi nyuma kwa hatua fupi ya mshazari, wa kulia unaufuata bila kuvukana nao, kiuno kiko chini, mgongo wima, mikono iko tayari mbele ya kifua. Mbele yake anakuja mtu wa kilo 120 mwenye kasi ya kushangaza. Ukimfuata sana nje, anakukatia ndani. Ukingoja ndani, ameshapita. Ukinyoosha mikono mapema anaipangua, ukichelewa ameshakushika kifuani na anakusukuma umwangukie mtu wako mwenyewe. Yote hayo huamuliwa ndani ya sekunde mbili tatu. Thomas alijulikana kwa kutorudia mlango uleule: safari hii anarudi nyuma taratibu, safari ijayo anamrukia mvamizi palepale mwanzoni kabla hajakusanya kasi, safari ya tatu anamwonyesha mkono mmoja tu. Mvamizi hakupata nafasi ya kukariri. Katika snepu 6,680 za pasi alizochezea Browns, wavamizi waliopita kwake wakamwangusha kwotabeki na mpira mkononi ni 30. Hiyo ni takriban mara moja katika kila pasi 220, na ndiyo takwimu ambayo ningependa iwe ya kwanza kutajwa.

Wanaoitetea rekodi ya kutotoka uwanjani huanzia hapo hapo. Wanasema huwezi kutenganisha ubora ule na uwepo wake. Mstari wa watu watano ni kitu kimoja: aliye kushoto anajua aliye ndani yake atasogea lini, nani anamkabidhi nani mvamizi wakivuka, ni kelele gani inamaanisha nini. Ukimtoa mmoja, hasara si ya mtu mmoja. Na Browns hawakuwa timu ya kawaida. Kati ya 2007 na 2017 Thomas aliwalinda makwotabeki 20 tofauti walioanza mechi, kuanzia Charlie Frye, aliyeuzwa baada ya mechi ya kwanza tu ya msimu wa 2007, mpaka Kevin Hogan. Makocha wakuu walikuwa sita. Kila baada ya mwaka au miwili kocha mpya, kitabu kipya cha mbinu, kijana mpya aliyeletwa kuokoa jahazi. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Mzazi wa kijana wa miaka 22 anayesimama nyuma ya mstari ule kwa mara ya kwanza asingetaka kusikia kwamba namba 73 leo amepumzishwa.

Kisha kuna hoja ya mji. Cleveland ni mji wa mashabiki waliozoea maumivu, na Thomas hakuwaacha. Mwaka 2011 alisaini mkataba mpya wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 84, akabaki. Siku ya drafti ya 2007, klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alipochaguliwa wa tatu, hakwenda New York kupiga picha na kamishna wa ligi. Alikuwa Ziwa Michigan akivua samaki na baba yake. Watu wa Cleveland wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu inalingana na walichokuja kukiona baadaye: mtu wa kazi, asiye na mbwembwe.

Upande wa pili unaanza na matokeo. Katika misimu 11 aliyokuwa nao, Browns walishinda mechi 48 na kupoteza 128. Msimu wake wa kwanza ndio uliokuwa mzuri pekee, ushindi 10, na hata huo haukuwafikisha kwenye mtoano. Baada ya hapo hawakuvuka ushindi saba. Mchezaji aliyeteuliwa mara kumi mfululizo kwenye Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Hiki chanda kilikuwa chema kwa kila kipimo na pete, ile wanayovishwa mabingwa wa Super Bowl, haikuja. Kinachouma zaidi ni kwamba ilipita karibu. Kabla ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa mwaka 2015, Denver Broncos walizungumza na Browns kuhusu kumchukua. Mazungumzo yakakwama. Februari 2016 Broncos wakachukua Super Bowl. Na Browns waliporudi kwenye mtoano, Januari 2021, Thomas alikuwa na karibu miaka mitatu nje ya uwanja.

Wanaomlaumu kwa kubaki humtaja Andrew Whitworth, mchezaji wa nafasi hiyohiyo. Alikaa Cincinnati Bengals misimu 11, mkataba ukaisha, mwaka 2017 akahamia Los Angeles Rams, na Februari 2022 akachukua ubingwa akiwa na umri wa miaka 40, tena dhidi ya Bengals walewale. Hakuna aliyemwita msaliti.

Hoja hii ya pete, kusema kweli, hainishawishi sana. Mchezaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwenye mkataba hajipeleki anakotaka. Klabu ndiyo inayouza. Angeweza kupiga kelele aondolewe, kweli, lakini kumlaumu mtu kwa kutopiga kelele ni kumtwisha yeye mzigo wa waliomtafutia makwotabeki 20. Mlinzi wa mstari hafungi. Hata awe bora kuliko wote, hawezi kuibeba timu mbovu jinsi nyota mmoja wa mpira wa kikapu anavyoweza. Kupima kazi yake kwa pete ni kama kumpima beki wa kati kwa mabao ya mshambuliaji wake.

Hoja inayonipa shida ni ya mwili.

Mike Webster alicheza katikati ya mstari wa Pittsburgh Steelers tangu 1974, akachukua Super Bowl nne, na mwaka 1997 akaingia Ukumbi wa Heshima. Naye alisifiwa kwa jambo hilihili: haumwi, hatoki, jiwe. Baada ya kustaafu akili ilimvurugika, fedha zikaisha, kuna nyakati alilala kwenye gari. Alifariki Septemba 2002 akiwa na miaka 50. Daktari wa maiti aliyeuchunguza ubongo wake pale Pittsburgh, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alikuta alama za ugonjwa wa ubongo unaojulikana kwa kifupi kama CTE, ambao mpaka wakati huo ulihusishwa zaidi na mabondia. Hakukuwa na kishindo kimoja cha kulaumu. Mtu wa mstari hugongana karibu kila snepu, kichwa kwa kichwa au kichwa kwa bega, mara nyingi kwa nguvu isiyomwangusha. Anainuka, anarudi kwenye mstari. Kamera haioni jeraha kwa sababu kwa macho halipo.

Julai 25, 2017, miezi mitatu kabla Thomas hajaumia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo za wachezaji 111 waliowahi kucheza NFL. Kati yao, 110 zilikuwa na CTE. Haki itendeke kwa takwimu hiyo: bongo hizo zilitolewa na familia, na familia nyingi hutoa pale zinapokuwa tayari zimeona kasoro, hivyo huwezi kusema asilimia 99 ya wachezaji wote wataugua. Siku mbili baada ya ripoti, John Urschel wa Baltimore Ravens, mlinzi wa mstari mwenye miaka 26, alistaafu. Alikuwa akisomea udaktari wa hisabati katika chuo cha MIT huku akicheza. Mwaka 2015 aliwahi kupata mtikisiko wa ubongo mazoezini, na baadaye alieleza kwamba kwa muda hesabu ngumu zilimshinda. Leo anafundisha hisabati palepale MIT.

Rahisi kumweka Urschel huku na Thomas kule na kuuliza nani mwerevu. Swali hilo halina haki. Urschel alikuwa na kazi ya pili inayomsubiri na hakuwa nyota. Thomas alikuwa bora duniani katika kazi yake. Watetezi wake wana hoja nyingine nzuri zaidi: tangu mkataba wa wachezaji na ligi wa 2011, mazoezi ya kugongana kwa vifaa kamili yamewekewa kikomo cha mara 14 katika msimu wa kawaida. Wakati wa Webster kikomo kama hicho hakikuwapo. Kwa hiyo snepu 10,363 za Thomas haziwezi kuhesabiwa sawa na za Webster, na hakuna daktari anayeweza kukuonyesha ni ipi kati yake iliyomdhuru. Thomas ni mtu mzima, alilipwa, alijua.

Alijua, ndiyo. Mwaka 2017, akiwa bado mchezaji, alisema hadharani kwamba ameanza kuona kumbukumbu zikimpotea, ingawa hakuwa na hakika kama ni mpira au ni umri. Hakuwa ametimiza miaka 33. Mwili nao ulikuwa unalindwa kwa kulazimishwa: ili abaki na kilo 140 hivi alikula hata asipotaka, na alipostaafu zikamtoka zaidi ya 20.

Ninachoshindwa kukimeza ni Desemba 2016. Browns walikuwa wamepoteza mechi 14 za kwanza za msimu. Hakukuwa na mtoano, hakukuwa na chochote cha kuokoa isipokuwa aibu ya kumaliza bila ushindi, waliyoiepuka mkesha wa Krismasi dhidi ya San Diego Chargers. Klabu ilijua kabisa kwamba magoti ya Thomas yanahitaji kupumzishwa, maana miaka ile ya mwisho ilimruhusu akose baadhi ya mazoezi ya katikati ya wiki. Jumapili ikifika, hata robo ya nne ya mechi iliyokufa, alikuwemo. Alipumzishwa ili asipumzike. Mbadala kijana, ambaye angehitaji dakika hizo kuliko mtu yeyote, alikaa benchi akitazama.

Hapo rekodi inageuka kuwa bosi. Ikishafika 8,000 au 9,000 na watangazaji wanaitaja kila wiki, nani atamwambia atoke? Yeye mwenyewe hawezi kuomba bila kuonekana amelegea. Kocha wa mwaka mmoja hatathubutu kuwa ndiye aliyeikata. Tunauita uamuzi wa mchezaji kitu ambacho wote waliomzunguka walikuwa na sababu ya kutokigusa.

Baseball, mchezo mwingine wa Wamarekani haohao, huhesabu kila mpira anaorusha mrushaji, na kocha humtoa hata akiwa anashinda, kwa sababu mkono wake ni mali ya msimu mzima. Hakuna anayemzomea mrushaji huyo kwa kukosa moyo. Kwa mlinzi wa mstari aliyepita miaka 30, kwenye timu iliyokwisha kutoka kwenye mbio za mtoano, kocha angeweza kupanga tangu Jumatatu kwamba Jumapili atacheza nusu ya kwanza tu. Kwotabeki kijana angekuwa hatarini zaidi katika nusu ya pili, nakubali, na shabiki aliyelipa tiketi angenung'unika. Ila shabiki huyo hakulipa nauli ya kwenda kumwona namba 73 akirudi nyuma hatua tatu katika robo ya nne, timu ikiwa nyuma kwa pointi 20.