Chungu cha Polepole na Watu Wenye Haraka

Shemeji yangu anayeishi Muscat alipokuja likizo alituletea chungu cha umeme cha kupikia polepole, kizito kama jiwe la kusagia, chenye bakuli la kauri ndani, kifuniko cha kioo juu, na mbele yake kitufe cha kuzungusha chenye hatua tatu: moto mdogo, moto mkubwa, na kuhifadhi joto. Maelezo ya kwenye boksi yalisema kwamba ukitia vitu vyako asubuhi ukaenda zako kazini, jioni utakuta chakula kimekwisha kuiva na hakuna aliyekigusa. Mimi ni mtu wa hesabu za ofisini na huwa siamini maneno ya kwenye boksi. Nilijiuliza pia kwa nini mkazi wa Magomeni, ambaye daladala yake, foleni yake na deni analomdai ndugu yake vyote tayari vinakwenda polepole bila gharama yoyote, aongezewe kitu kingine cha polepole kinachokula umeme. Hata hivyo nilipiga hesabu nikaona kwamba chungu cha wati 200 kikiwaka saa 8 kinatumia yuniti 1.6 tu, na mtu wa hesabu akishaoneshwa namba ndogo huwa hana la kusema.

Mke wangu alikuwa amekwenda Tanga harusini kwa siku nne, nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nilimtangazia mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja anayeishi nasi, kwamba Jumamosi nitapika boko boko. Kwa msomaji wa bara ambaye bado hajakutana nayo, boko boko ni ngano nzima iliyokobolewa, ikapikwa pamoja na nyama na viungo mpaka nyama ikasahau kwamba ilikuwa na mfupa na ngano ikasahau kwamba ilikuwa punje, kisha vyote vikasongwa kwa mwiko vikawa kitu kimoja kinachovutika, kikamwagiwa samli na vitunguu vya kukaanga. Waarabu wa Ghuba huiita harisi, na kwa kuwa nilitaka kuonekana nimejiandaa, nilimweleza mama kwamba mwaka 2023 UNESCO iliiingiza harisi ya Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mama aliacha kuchambua mchicha, akanitazama kwa huruma.

"Na walionja ya nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, nikaenda bucha.

Huko nako nilikuta taabu. Niliomba kilo moja ya shingo na kifua, pamoja na mifupa yake, na muuza nyama akaniona mtu niliyekosa hela. "Mzee, steki hii hapa, laini, chukua nusu kilo," alisema, tena kwa sauti ya kunihifadhia heshima mbele ya wateja wengine. Nilimweleza kwamba steki ukiipika saa 8 inakuwa kama pamba iliyokaushwa, ilhali shingo na kifua vina ile mishipa myeupe ambayo, ikikaa katika moto mdogo kwa muda mrefu, huyeyuka ikawa ute mzito unaoshikana na ngano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikatia shingo, akanong'ona na mwenzake, na nina hakika kwamba hadi leo nikipita pale ninajulikana kama mzee wa ute.

Ngano niliipata Kariakoo, nusu kilo, baada ya mwenye duka kuniuliza kama naitaka ya kuku au ya watu. Usiku wa Ijumaa niliimwaga katika ungo, nikavaa miwani, nikaanza kutoa mawe, na nilipomaliza mama akapitisha kiganja chake mara moja tu juu ya ngano ile ile akatoa mengine matatu, akayapanga mbele yangu mezani bila kusema neno. Nikairoweka mpaka asubuhi.

Saa 1 kamili nilikuwa jikoni. Nilitia nyama, ngano, vitunguu maji viwili, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiti cha mdalasini, hiliki chache, pilipili manga, chumvi, na maji lita 2 na nusu, nikafunika, nikazungusha kitufe mpaka moto mdogo. Mama aliyatazama yale maji akaguna. Nilimfahamisha kwa adabu zote kwamba katika chungu hiki mvuke hautoki nje, unagonga kioo na kurudi chini kama mvua, kwa hiyo maji unayoyatia asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni, yakipungua ni kile ilichokunywa ngano. Alinijibu kwamba amenielewa. Baadaye niligundua kwamba kwa mama mkwe, kuelewa na kukubali ni wizara mbili tofauti, kwa maana nilipokwenda kuoga aliongeza jagi zima.

Sasa naomba nieleze tatizo lenyewe. Chungu hiki kina sharti moja tu: kisifunuliwe. Kijitabu chake kinasema kwamba kila ukiinua kifuniko unapoteza joto ambalo litachukua mpaka nusu saa kurudi. Mtengenezaji, kwa wema wake, ameweka kifuniko cha kioo ili watu waone bila kufunua, lakini kioo hicho baada ya dakika chache hujaa mvuke kikawa cheupe kama dirisha la basi siku ya mvua, na mtu aliyepewa dirisha asiloweza kuona kupitia kwake huwa na hamu ya kuchungulia kuliko yule aliyepewa ukuta.

Nilifungua daftari la shule la mwanangu, ukurasa wa nyuma, nikaanza kuweka kumbukumbu. Wa kwanza, saa 3 kasoro robo, alikuwa mama, ambaye alidai kwamba hakusikia chochote kikichemka na alikuwa na wasiwasi kwamba nimeunguza umeme bure. Wa pili alikuwa mwanangu mdogo, aliyetaka kujua kama ni chipsi. Wa tatu alikuwa fundi bomba, aliyekuja kutengeneza koki ya sinki na hakuwa na shughuli yoyote na chungu. Alikifunua kwa mkono ulioshika spana, akakiinamia kwa muda, kisha akanishauri, "Mzee, moto huu mdogo, hapa utalala njaa," akafunika kifuniko upande. Jirani alikuja kuomba chumvi akafuata harufu, akaonja mchuzi, akasema chumvi imepungua, akaongeza kutoka kwenye ile niliyomgawia. Mama alirudi mara mbili tena. Saa 7 alipita binti wa jirani huyo huyo, sijui alitumwa na nani. Mara mbili zilizobaki zilikuwa zangu mwenyewe, lakini hizo nimeziandika katika safu yake peke yake kwa kuwa mimi sikuchungulia, nilikuwa nafanya ukaguzi.

Jumla ni mara 9, na 9 kwa nusu saa ni saa 4 na nusu. Kwa hiyo, saa 9 alasiri, chungu kilichowaka saa 8 kilikuwa kimepika saa 3 na nusu tu, na kama binti yule angerudi na wenzake wanane tungefika mahali ambapo nyama inageuka mbichi kuliko ilivyotoka bucha.

Nimesoma habari za aliyekibuni chungu cha aina hii, Mmarekani wa Chicago aitwaye Irving Naxon, aliyepata hataza yake, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia juu ya chakula cha Wayahudi wa Lithuania kiitwacho cholent: nyama, maharage na shayiri katika chungu kimoja, kinachopelekwa Ijumaa jioni kabla ya Sabato kwenye tanuru la mwoka mikate, kikakaa humo usiku kucha katika joto linalofifia, kwa sababu siku ya Sabato hawawashi moto. Watu wote wanaosimulia habari hii husifu lile joto la tanuru. Mimi, baada ya Jumamosi ile, nimesoma sehemu ambayo wao wameiruka. Chungu kilikuwa kwa mwoka mikate! Hakikuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa mtaa mwingine, fundi bomba hakuwa na ufunguo, na dini yenyewe imewaamuru watu wote wakapumzike. Naxon alichukua joto akasahau kuchukua mlango.

Wageni wangu wawili wa ofisini walifika baada ya Isha. Nilifunua, kwa mara ya kwanza kihalali, nikakuta nyama imejitahidi, lakini ngano ilikuwa bado inaogelea katika lile jagi la ziada, punje punje, na ukiitafuna unasikia kiini kikigoma katikati. Niliwaambia wageni kwamba ni supu ya kuanzia. Walikunywa, wakasubiri cha kufuata.

Mama hakunisema. Alikunja kanga kiunoni, akawasha jiko la mkaa uani, akamimina vyote katika sufuria lake jeusi, akatoa mifupa kwa vidole kana kwamba haiunguzi, akaketi kwenye kigoda na kuanza kusonga. Mwiko ulikwenda chini, ukazunguka, ukapanda ukivuta uzi, na kila baada ya muda alininyooshea mkono bila kuniangalia nami nikampa samli, kama mtoto wa shule anayempa mwalimu chaki. Ilipofika saa 5 usiku tulikula, na wageni wakashukuru sana, wakimwelekea yeye. Mmoja wao aliuliza kama kile chungu cha kisasa kilichokuwa pembeni ni cha kuhifadhia maji ya kunawa.

Mke wangu aliporudi kutoka Tanga alikikuta chungu juu ya kabati, bila kifuniko. Kifuniko kimeonekana kuwa saizi ile ile ya sufuria la mama, naye amekipenda mno, anasema watu wa Muscat wana akili kwa kuwa mtu anaona chakula chake bila kukifunua. Jana alikuwa anapika kunde, kioo kimejaa mvuke, nami nikapeleka mkono kidogo tu. Alinipiga mwiko wa vidole.

"Chungulia hapo hapo juu, mwanangu," alisema. "Ukifunua, joto linatoka."