Ujumbe Usiojibika

Wiki iliyopita nilikuwa Konde, Pemba, kwa shangazi yangu. Alasiri tumekaa ukumbini, yeye anamenya muhogo wa kupika kwa nazi, simu yake ya kitochi ikalia. "Nisomee, mwanangu, herufi hizo macho yangu hayaziwezi." Nikamsomea. Mkulima, panda muhogo kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, tumia mbegu bora.

Muhogo wa shangazi una miezi 9 ardhini. Na ule aliokuwa akiumenya, nusu alikuwa anautupa: ndani una madoa ya kahawia, makavu kama gome, hata ukichemshwa kutwa hauivi.

"Basi wajibu," akasema. "Waambie wangu unaoza. Na waulize hiyo mbegu bora naipata wapi."

Nikaandika. Ujumbe ukakataa kwenda. Nambari ile hutuma tu, haipokei.

Roho yangu haijatulia tangu siku ile. Ugonjwa huu, michirizi ya kahawia, umo kwenye maandishi ya watafiti tangu 1936! Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unauona ungali barabarani, majani yamejikunja. Huu wa michirizi hujificha. Majani ya chini hupata umanjano kando ya mishipa, mkulima akadhani yanazeeka, akangoja, na kadiri anavyongoja ndivyo muhogo unavyozidi kuharibika chini. Nzi weupe huubeba masafa mafupi tu. Wanaouvusha kutoka shehia hadi shehia ni sisi wenyewe, kwa kupeana mbegu. Jirani anakukatia vijiti, anakufungia mzigo, unamshukuru, unakwenda kupanda maradhi.

Kwa hiyo shangazi alihitaji maneno machache: chimba mapema, usikate mbegu humo, tafuta mbegu fulani pahala fulani. Na majina yapo. Mwaka 2007 zilitolewa hapa hapa Zanzibar mbegu nne zinazostahamili ugonjwa huu: Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Nilipomtajia, hakuna hata moja aliyowahi kuisikia.

Mtaniambia kuna Nuru. Ndiyo, ni programu nzuri ya simu, sina ubishi nayo. Unalielekezea jani kamera, inakutajia ugonjwa kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Lakini inataka simu janja, na simu janja ya nyumba ile imo mfukoni mwa kijana aliyehamia Unguja. Habari ya bando siiongezi, sote tunaijua.

Linaloniuma zaidi ni kwamba shangazi naye ana la kuwaambia. Alinishika mkono akanipeleka mwisho wa shamba, karibu na mkarafuu mkongwe. Pale pana mashina sita ya muhogo ambao mbegu yake aliachiwa na marehemu mama mkwe wake. Tukachimba shina moja. Mweupe pe! Misimu mitatu sasa anautazama: upande ule unaoza, upande huu hauozi, na udongo ni mmoja. Amejaribu kuubadilisha pahala, bado ukatoka mzima. Huo ni uchunguzi, umefanywa kwa subira na kwa njaa yake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Pengine mashina yale yana kitu ambacho watafiti wangefurahi kukiona, pengine hayana. Watajuaje, ikiwa njia waliyoijenga ina mlango wa kutokea tu?

Bwana shamba alipokuwa anapita na baiskeli, ulimpasulia muhogo mbele ya macho yake, ukamuuliza, akakujibu au akakuahidi kurudi na jibu. Si lazima baiskeli irudi. Simu inatosha, ilimradi upande wa pili awepo mtu. Tena iwe sauti. Redio Jamii Micheweni iko kule kule Pemba. Mwanamke wa Konde akiyaeleza mashina yake sita redioni, wa Kiuyu atamwelewa neno kwa neno, kwa kuwa wote wanahesabu shamba kwa matuta, hawahesabu kwa hekta.

Tumetia kwenye pakacha muhogo mbovu mmoja na mzima mmoja. Jumatatu naupeleka mwenyewe Wete kwa bwana shamba. Shangazi amenipa na kikaratasi chenye nambari yake ya simu, nimkabidhi, ili wampigie.