Babu hakuwa askari

Tumekua tukiambiwa mambo mawili kuhusu babu yake baba: alizaliwa wakati wa Maji Maji, na alipigana vita vya Mjerumani. Hakuna aliyewahi kuyapigia hesabu. Juzi nikachukua kalamu. Vita vya Maji Maji, vya kumpinga Mjerumani, vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Matumbi, kusini mwa Tanzania ya leo. Vita ile nyingine, Vita Kuu ya Kwanza, ikaanza Agosti 1914. Askari gani wa miaka tisa?

Nikamwendea shangazi. "Nani kakudanganya?" akasema. "Wakati wa Maji Maji alikuwa anatembea kwa miguu yake, mwanangu. Aliyebebwa mgongoni ni mdogo wake, walipokimbilia porini. Huko walichimba ming'oko."

Hiyo ming'oko ilinifaa kuliko tarehe yoyote. Mtu hachimbi viazi vya porini kwa kupenda. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Ukikisia mtoto wa kutembea umbali ule ana miaka mitano au sita, basi babu alizaliwa kama 1900. Mwaka 1917, vita ilipohamia kusini, Oktoba wakapigana Mahiwa, Novemba Wajerumani wakavuka mto Ruvuma, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Umri wa kutwishwa mzigo.

Nasema mzigo kwa makusudi. Shangazi anakumbuka kovu begani na hadithi za masanduku. Habari ya bunduki hajawahi kuisikia. Pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, zilitegemea wapagazi, mamia ya maelfu, wengi wakikamatwa vijijini mwao, na kuhara na malaria viliwamaliza njiani. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, lakini sisi tunakwenda pale kununua vitenge. Sanamu ya 1927 katikati ya jiji ni ya askari, ameelekeza singe bandarini. Ya Nairobi angalau ina mpagazi pembeni yake.

Nilipotoa hesabu yangu kwenye kikao cha ukoo, baba mdogo alinuna. Eti namshusha mzee. Simshushi. Hapa ndipo tunapokosea: tunachukua tukio kubwa tunalivisha marehemu kama kanzu ya Idi, badala ya kulitumia kumpima. Babu aliyebeba masanduku ya wenyewe akarudi hai ananitosha, tena namwamini zaidi kuliko yule shujaa wa kwenye matanga.

Kinachonisumbua sasa ni mama yake. Mwaka 1905 alikimbia na watoto wawili, mmoja mgongoni. Mwaka 1917 yule mkubwa akachukuliwa. Nilimuuliza shangazi jina la mama huyo. Akafikiri sana, akanitajia la mumewe.