Dunia ikiisha, nani atapaka mafuta?

Riwaya za maisha baada ya dunia kuteketea humpa padri moja ya nafasi mbili. Ama ni mlinzi wa vitabu, ama ni mbabe mwenye msalaba kifuani anayepora ghala la wanakijiji. Zote mbili zina ukweli wake. Kinachokosekana mara nyingi ni sheria: siku barua zisipofika tena Roma, padri anaweza nini, askofu nini, na muumini wa kawaida nini?

Walter M. Miller aliyajua hayo. Katika riwaya yake A Canticle for Leibowitz (1959), watawa wa jangwani wanatunza mabaki ya maandishi karne kadhaa baada ya vita vya nyuklia. Mmoja wao anatumia miaka 15 kunakili na kunakshi mchoro wa umeme ambao maana yake haijui. Inachekesha, lakini mtazame abate wake, mkuu wa monasteri: uvumi wa muujiza unapoanza kuenea, anahoji, anazuia, anachelewesha. Ucheleweshaji huo ndio hoja nzito ya wanaotetea mamlaka ya Kanisa. Mashahidi wetu Wakatoliki wa Uganda, 22 waliouawa kwa ajili ya imani, waliuawa 1885 hadi 1887. Wakatangazwa wenyeheri 1920, watakatifu 1964. Ni mwendo wa kinyonga, ila hauachi mwenye maono mmoja aburute umati.

Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, tulishaona mtu akiruka hatua hizo. Credonia Mwerinde, mmoja wa viongozi wa kikundi cha dini, alidai kutokewa na Bikira Maria, na mwisho wa dunia ukatabiriwa kuwa mwisho wa 1999. Waumini waliuza mali zao. Tarehe ikapita salama, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Wapinzani wa mamlaka wana jibu hapa, nalo si dogo: miongoni mwa viongozi wa kikundi hicho alikuwamo Dominic Kataribaabo, padri. Kanisa lilikuwa limekwisha kumsimamisha, lakini kwa mkulima wa kijijini padri ni padri tu. Heshima ambayo taasisi ilimjengea haikuweza kuirudisha mfukoni.

Tena, Kanisa limewahi kuishi bila mapadri papa hapa. Novemba 1882 padri Lourdel na wamisionari wenzake Wakatoliki waliondoka Buganda wakihofia usalama wao, wakarudi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu walei, yaani waumini wasio mapadri, kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walifundisha na kusalisha. Waumini waliongezeka. Hoja hii naipa uzito kuliko riwaya yoyote, kwa sharti moja: walei wale hawakujifanya mapadri.

Mpaka wenyewe uko wazi. Kubatiza, wakati wa dharura, anaweza mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa: maji halisi yanayotiririka kichwani, na maneno ya Utatu yasiyopunguzwa. Ndivyo Karoli Lwanga alivyombatiza Kizito na wenzake Munyonyo, Mei 1886. Ndoa, padri asipopatikana kwa muda mrefu, hufungwa mbele ya mashahidi wawili. Kitubio na Ekaristi, hapana. Hata padri akiwepo, mkate wa mtama au muhogo haufai. Lazima ngano, na divai ya zabibu. Ngano itapatikana Sebei, kwenye miteremko ya Elgon. Zabibu ndizo zitakazomtesa mtunzi. Mafuta ni rahisi zaidi, kwa kuwa sheria inakubali ya mimea mingine badala ya mzeituni, hivyo simsim ya Acholi inatosha. Padri anaweza kubariki ya wagonjwa akibanwa na dharura, lakini krisma, mafuta ya kipaimara, ni ya askofu peke yake.

Kwa hiyo mtunzi akibakiza askofu mmoja hai Gulu, ana mbegu. Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa 325, ulitaka maaskofu watatu wamweke wakfu mwenzao, lakini mmoja akifanya, daraja ya uaskofu inashika. Akimuua huyo, vinabaki ubatizo, ndoa na sala. Wakristo wa siri wa Nagasaki, Japani, waliishi hivyo zaidi ya miaka 200, mpaka padri Petitjean alipowakuta 1865. Walikuwa bado wanabatiza. Ila maneno ya Kilatini na Kireno katika sala zao yalikuwa yamechakaa, wakiyatamka bila kujua maana, kama yule mtawa na mchoro wake.